Jina la Bochaberi Kwenye Tableti

Mzee Sylvanus Mokua wa hapa kwetu Kebirigo huandika jina lake juu ya kila kitu chake. Jembe lake lina S. MOKUA kwa rangi nyekundu kwenye mpini. Ndoo, panga, mwavuli, hata kiti anachokalia kanisani siku ya Sabato, vyote vina S. MOKUA. Alipokuwa na mbwa, mbwa naye alivaa kibati shingoni kilichosema S. MOKUA, na watu wakawa wanamwuliza kama mbwa huyo anajua kusoma. Mzee aliwajibu kwamba anayetakiwa kusoma si mbwa, ni mwizi.

Kama hujui kazi aliyoifanya utamwona mtu wa vituko. Alikuwa karani wa kituo cha majani chai kwa miaka thelathini na mmoja. Alisimama kando ya mizani, akaandika uzito, akaandika majani ni ya nani. Kila mkulima ana namba yake, na makarani wengi huandika namba wakamalizana na wewe. Mokua aliandika namba, kisha akaandika na jina, hata mvua ikinyesha, hata foleni ikifika barabarani na akina mama wakimsonya. Alisema ukikosea tarakimu moja majani ya mjane yanaenda kwa tajiri, lakini jina ukilikosea utajua mara moja kwa sababu unamwona mwenyewe amesimama mbele yako. Mwaka fulani aliyachanganya magunia ya wakulima wawili, wote wakiitwa Ongeri. Kesho yake akapanda mlima na kitabu chake kwapani, akaenda kwa mmoja, akaenda kwa mwingine, kuomba msamaha. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ametambua.

Mimi naitwa Nyanchoka. Nina saiba sokoni Kebirigo, chumba kimoja chenye kompyuta mbili, printa, kaunta na benchi mlangoni. Napiga chapa barua, natengeneza programu za mazishi, nawajazia watu fomu za mtandaoni, nawafungulia simu walizosahau neno la siri. Sina subira, nakuambia mapema usije ukanishangaa mbele. Kwetu ni Marani, huku nimeolewa, na mume wangu Onchiri ni mtoto wa binamu yake Mzee Mokua. Kwa hiyo mzee huyu ni baba mkwe wangu ingawa si yeye aliyemzaa mume wangu. Mimi namwita Tata, yeye ananiita mokamwana, mke wa mwanawe.

Kwetu Wagusii jambo hilo lina uzito wake. Baba mkwe na mke wa mwana hawashikani mikono, hawaketi bega kwa bega, kila mmoja humwachia mwenzake nafasi. Nikiwa na karatasi ya kumpa naiweka juu ya kaunta, naye anaichukua. Tunapendana sana, lakini kaunta iko katikati. Naitaja heshima hii kwa sababu ndiyo iliyotuponza.

Mke wake aliitwa Bochaberi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, na hukufika mlangoni kwake kabla hajakuuliza kama umekula. Mumewe alipoanza mambo yake ya rangi nyekundu alimtania kwamba siku moja ataamka na kukuta ameandikwa mgongoni. Mzee hakumwandika mgongoni. Alimwandikia kikapu chake cha kuchumia chai, BOCHABERI, herufi kubwa zilizozunguka kikapu chote. Bochaberi alikwenda nacho shambani miaka yote hiyo, na mimi ninapomkumbuka namwona kwanza kikapu, halafu yeye chini yake.

Alifariki mwaka wa korona. Sukari ilimpanda, na siku tatu zikatosha. Mazishi yakawa ya watu kumi na watano na askari mmoja wa kutuhesabu. Binti yao wa pekee, Gladys, ni muuguzi kule Minnesota, Amerika, na wakati huo ndege zilikuwa zimefungwa na yeye mwenyewe alikuwa na mimba changa. Akamzika mama yake kwa simu. Mimi ndiye niliyeishika hiyo simu, nimesimama kwenye udongo mwekundu, mkono juu, hadi bega likafa ganzi. Sikumsikia akilia. Niliuona uso wake mdogo kwenye kioo, na udongo ulipoanza kuanguka aliniomba nisiusogeze mkono.

Januari akajifungua msichana.

Sasa hapo ndipo pa kuelewa. Kwetu mtu akiondoka, jina lake halizikwi naye. Linangojea mtoto. Msichana wa kwanza kuzaliwa katika nyumba ile baada ya Bochaberi kuondoka ndiye Bochaberi, hakuna haja ya kikao. Wana wawili wa kiume wa mzee walikuwa wamemaliza kuzaa, kwa hiyo jina lile lilikuwa limebakiwa na mlango mmoja tu wa kuingilia. Gladys alipopiga simu mzee aliisimamisha mbele yake kwa mikono miwili. Akaambiwa mtoto ni mzima, ana nywele nyingi, anaitwa Ava. Akangoja jina la pili, halikuja. Akauliza mara moja tu, kwa upole. Gladys akajibu kwamba fomu za hospitali zilijazwa haraka, wataongea baadaye.

Hawakuongea. Miaka minne ikapita na mzee hakulitaja tena. Lakini kila Desemba alitoa kopo la rangi nyekundu akakipaka upya kikapu cha marehemu, kikapu kisichobeba jani hata moja, kisha akakirudisha kwenye msumari wake. Onchiri alimwambia kwamba ile ni rangi ya bure. Mimi nilimkanyaga Onchiri mguu.

Mwaka jana mtu wa Nyamira aliyekuwa akija likizo alipewa mzigo na Gladys amletee Mzee Mokua. Ulikuwa tableti, ile ambayo wasomaji wa habari huiita kishikwambi. Ilikuwa ya mtoto. Ava alikuwa amenunuliwa nyingine mpya, na hii ya zamani ikaja na kava lake la zambarau na stika ya sungura mgongoni. Mzee aliipokea kwa heshima zote. Kila Jumamosi jua likishatua na Sabato kuisha, aliiegemeza kwenye mkebe wa sukari, wakaonana. Mtoto alimwonyesha meno, viatu, michoro. Alimwita Sokoro, babu, neno pekee la Ekegusii alilokuwa nalo, na mzee alilinywa hilo neno wiki nzima.

Tatizo lilikuwa moja. Kila alipoifungua, tableti iliandika Ava. Alipoiunganisha na spika yake ya redio ili asikie vizuri, spika ilitangaza kwamba imeunganishwa na Tableti ya Ava. Mtu aliyeandika jina lake hata kwenye mbwa alikuwa na kitu sebuleni chenye jina la mtu mwingine.

Akaja saiba asubuhi ya Jumatatu moja, amevaa koti la kanisani, akanisalimu.

"Bwakire, mokamwana. Nataka hii tableti ibadilishwe jina."

Nikamwambia ni kazi ya dakika mbili. Nikamwuliza tuandike S. Mokua au Sylvanus. Akaiweka juu ya kaunta, akaipangusa kwa leso.

"Andika Bochaberi," akasema. "Mtoto amekosa, basi hata chombo kinachomleta."

Nikajifanya natafuta miwani. Haya yote tuliyasema kwa Ekegusii, na ninayaleta kwa Kiswahili jinsi ninavyoweza, lakini sauti yake siwezi kuileta. Haikuwa sauti ya kulalamika. Ilikuwa ya karani aliyebaki na gunia moja mwisho wa siku na hamjui mwenyewe.

Nilinyoosha mkono nichukue tableti nibonyeze mwenyewe, kama ninavyowafanyia wateja wote. Akakataa. Alisema katika miaka thelathini na mmoja hakumruhusu mtu aandike kwenye kitabu chake, na jina hili ataliandika kwa kidole chake. Mteja mwingine ningezunguka kaunta nikasimama nyuma ya bega lake nikamwonyesha. Kwa Tata sikuweza. Nikabaki upande wangu, yeye upande wake, tableti imelala mbele yake, na mimi naisoma ikiwa imepinduka kama mwanafunzi anayechungulia daftari la mwenzake ng'ambo ya meza.

Nilimwambia afungue setingi, akafungua. Nilimwambia atafute panapoandikwa jina la Ava, abonyeze, afute, aandike jina jipya. Basi. Wateja wawili walikuwa wakinisubiri na printa ilikuwa imemeza karatasi. Nilichosahau, mimi niliyejiita mtaalamu, ni kwamba jina la Ava liko mahali pawili. Chini kabisa kuna jina la chombo, hilo ni la tableti peke yake, unaweza kuiita hata Kikapu na haimhusu mtu. Lakini juu, penye picha ya uso, ni jina la akaunti. Akaunti haikai ndani ya tableti. Ipo huko mtandaoni, na kila chombo kilichofunguliwa kwa akaunti hiyo kinalisoma jina lile lile. Tableti ya zamani ilikuja bado ina akaunti ya mtoto, na ile mpya kule Minnesota inatumia akaunti hiyo hiyo.

Mzee alibonyeza juu. Kwa nini asibonyeze juu? Karani mzuri huanza juu. Aliandika herufi moja moja, akasoma, akasoma tena, akaondoka ametulia kuliko nilivyomwona tangu mazishi.

Simu ya Gladys ilinifikia siku ile ile saa kumi alasiri, kwao ikiwa asubuhi. Nilidhani anataka nimchapishie kitu.

"Nyanchoka, ni nani ameishika akaunti ya mtoto?"

Alikuwa akipika uji, akaniambia. Mtoto ana programu ya kujifunza kusoma kwenye tableti yake, na kila asubuhi akiifungua sauti fulani ya mwanamke humsalimu kwa jina. Asubuhi ile sauti ilisalimu kama kawaida, kwa Kiingereza chake cha puani, halafu ikasema Bochaberi. Ililisema vibaya, ikavuta pasipovutwa, lakini ni hilo. Gladys aliuachia mwiko.

Nilianza kujitetea. Nilisema Tata alitaka jina la chombo tu, nilisema kosa ni langu, nikaanza kueleza habari za juu na chini. Akanikatiza.

"Watu wa huko mnafikiri nililidharau lile jina. Sikulidharau. Nilishindwa. Mtoto unamwita mara ishirini kwa siku, Bochaberi njoo ule, Bochaberi vaa viatu. Mimi kila nikilitaja naona udongo. Wewe ndiye uliyeshika simu, unajua."

Nilijua. Nilisimama katikati ya saiba na wateja wananiangalia, na sioni haya kusema nililia. Gladys akaniambia nisimwambie baba yake, kwamba ataiondoa akaunti kwenye ile tableti ya zamani na kuyarudisha mambo yalivyokuwa. Kisha akakata.

Jumamosi ikaja, jua likatua, mzee akaiegemeza tableti kwenye mkebe wa sukari, na simu haikuja. Alingoja hadi chai yake ikaganda utando. Jumamosi ya pili hivyo hivyo. Jumapili asubuhi alikuwa kwenye benchi langu kabla sijafungua, kava la zambarau limebanwa kifuani. Aliniuliza kama mtandao umeharibika. Nikamwangalia yule mzee na koti lake, na nikaona siwezi kukaa na siri ambayo inamla mtu mbele ya macho yangu. Gladys anisamehe. Nilimweleza kila kitu, jinsi jina lilivyotoka kwenye kidole chake likaenda kusikika jikoni mwa binti yake, na alichosema binti yake kuhusu udongo.

Aliilaza tableti magotini. Boda boda zikapita, mama muuza ndizi akatandika gunia lake ng'ambo ya barabara, akapanga mikungu.

"Nilifikiri ni dharau," akasema mwishowe. "Miaka minne nimemhesabia mtoto wangu dharau, kumbe alikuwa na kidonda."

Kisha akaniambia turudishe Ava.

Nilimwambia asubiri, Gladys alisema atalirudisha mwenyewe. Akatikisa kichwa. Kosa la karani husahihishwa na karani, alisema, na kama jina la mkewe linamwumiza mtoto wa mkewe, basi mkewe mwenyewe asingetaka lisemwe. Nakumbuka jinsi alivyolisema hilo, bila machozi, akinyoosha kona ya leso. Mimi ndiye niliyekasirika. Nilikasirika na korona, na ndege, na kila fomu ya hospitali duniani, na nilijikasirikia mimi mwenyewe zaidi. Mtu alikuwa anakuja kuzika jina kwenye kaunta yangu.

Safari hii sikubahatisha. Nilipiga picha ule ukurasa wa setingi, nikauchapisha kwenye karatasi, nikachora duara jekundu penye jina la juu na duara la kijani penye jina la chini. Nikaiweka karatasi kaunta, ikiwa imemgeukia yeye. Nilimweleza kila duara ni nini, taratibu, kama mtu mwenye subira. Akafuata kwa kidole hadi kwenye lile jekundu. Jina la mkewe lilikuwa bado pale juu; Gladys hakuwa ameligusa. Nilishangaa kidogo, maana alikuwa amepata karibu wiki mbili za kulibadilisha, lakini sikusema.

Mzee alilifuta herufi moja moja kutoka nyuma. Likabaki Bocha, likabaki Bo, likabaki B. Hapo alisimama, akavuta pumzi, akaifuta na hiyo. Akaandika Ava, herufi tatu, kazi ndogo. Akakunja karatasi yangu ya maduara akaitia mfukoni na kuniambia "mbuya mono," asante sana, kama mtu aliyehudumiwa vizuri.

Siku ya Jumanne saa kumi alasiri simu yangu ililia tena.

Gladys hakusalimia. Aliuliza ni nani amelifuta. Nikamwambia ukweli wote, kwamba niliitoa siri, kwamba baba yake ameambiwa na ndiye aliyelifuta kwa mkono wake, ili asimwumize. Nilijiandaa kutukanwa. Badala yake nikasikia nyuma yake mtoto analia, kilio kile cha kudai haki.

Akaniambia hivi. Siku ya kwanza alitaka kulibadilisha, akaufungua ukurasa, akaufunga, akasema kesho. Kesho yake sauti ikasalimu tena na mtoto akauliza Bochaberi ni nani. Akamjibu ni nyanya yako, mama yangu. Mtoto akauliza alikuwa anafanya nini. Akamwambia alikuwa anachuma chai, alikuwa na kikapu kikubwa kilichoandikwa jina lake, na ukifika kwake anakuuliza kama umekula. Miaka minne hakuwa amemweleza mtoto hata neno moja kati ya hayo. Kuanzia hapo ikawa kila asubuhi sauti inaita, mtoto anajibu ni mimi, halafu anamwuliza mama yake na midoli yake yote kama wamekula. Simu za Jumamosi hakupiga kwa sababu aliogopa baba yake atauona uso wake na kuuliza, naye hakujua bado angejibu nini.

"Halafu juzi asubuhi imesema Ava," akasema. "Mtoto amezima akawasha, amezima akawasha. Jana tena, leo tena. Anasema tableti imemsahau. Na mimi, Nyanchoka, nilikuwa nimesimama pale na mwiko, nangoja kusikia. Nilikuwa nimeanza kulingoja."

Nilimwuliza kuhusu udongo. Alisema bado anauona. Lakini sasa anaona na kikapu.

Nikamtuma mtu wa boda boda akamlete mzee na tableti yake, na nikamwambia amwendeshe polepole. Alifika ameduwaa, akidhani kuna msiba. Nikamwambia aketi tu kwenye benchi na aifungue tableti. Alipoifungua, Gladys alikuwa hapo kwenye kioo, macho mekundu, na mtoto amekaa mapajani na nywele zake nyingi hazijachanwa. Mimi nikarudi nyuma ya kaunta, nikajishughulisha na printa isiyokuwa na shida yoyote.

Waliongea mambo mengi ambayo hayanihusu, na mengine niliyasikia. Gladys aliomba msamaha, mzee naye akaomba, wakagongana katikati, wakacheka. Akamwambia baba yake kwamba Desemba wanakuja wote watatu, yeye, mumewe na mtoto, tiketi ameshaanza kuzitafuta, na kabla ya hapo atalipeleka jina likaandikwe kwenye vyeti vya mtoto, hata kama kule ni mlolongo wa ofisi. Kisha akamwomba kitu kimoja. Alitaka jina lirudishwe kwenye tableti, na alitaka baba yake ndiye alirudishe, sasa hivi, mtoto akisikia.

Mzee akatoa mfukoni ile karatasi yangu ya maduara. Alikuwa amekaa nayo siku zote hizo. Akaikunjua kwenye goti, akatafuta duara jekundu, na kwa kidole chake cha karani akaanza, akitaja kila herufi kwa sauti, kama alivyokuwa akifanya kwenye mizani ili mkulima asikie anachoandikiwa. Huko Minnesota mtoto akawa anazirudia. B. O. C. Walipofika mwisho mtoto akazima tableti yake mpya, akaiwasha, na sisi sote tukatega masikio, mimi nikiwa na karatasi tupu mkononi. Sauti ya mwanamke wa puani ikatoka kule, ikapita baharini, ikafika sokoni Kebirigo.

Ikalisema vibaya kama kawaida yake.

"Ni mimi," mtoto akaijibu. Akasogeza uso karibu na kioo hadi tukaona pua tu. "Sokoro, umekula?"

Mzee Mokua alikuwa hajala. Alikuwa ametolewa shambani. Aliinua leso akaifunika mdomo, na mabega yake yakatikisika, nami nikamwona baba mkwe wangu akilia kwa mara ya kwanza, nikageuka ukutani kama inavyopasa. Nilimsikia akijibu kwamba ndiyo, amekula, ameshiba kabisa.

Walipomaliza alikuja akaiweka tableti juu ya kaunta na kuipangusa, na hapo nikakumbuka jambo, maana kazi ni kazi. Nikamwambia kwamba tangu siku ile ya kwanza hatujawahi kugusa duara la kijani. Jina la chombo bado lilikuwa lile lile la zamani, Tableti ya Ava, na ndilo alilokuja kubadilisha tangu mwanzo. Nikamwuliza tuandike nini.

Akafikiri, akaichukua tableti, akaibana kwapani alipozoea kubana kitabu chake.

"Acha hilo," akasema. "Kila mkulima wangu alikuwa na namba na jina. Ava ni namba yake ya huko."

Akaondoka na boda boda ile ile. Sasa tunangoja Desemba. Juzi nilipopita kwake nilikuta kikapu kimeshushwa kutoka kwenye msumari, kimewekwa juani mlangoni, na kando yake kingine kipya, kidogo, cha kumtosha mtoto wa miaka minne, nacho rangi yake ilikuwa bado haijakauka.